Nani wa Kusamehe Deni la Barabara?

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuona kwamba kudaiana kwa karatasi ni upungufu wa uungwana. Mtu akichelewa kukurejeshea chako humwandikii barua. Unamwendea, mnakunywa kahawa, unamgusia kwa mbali, naye anaelewa. Ni adabu njema baina ya jirani na jirani. Swali linalonishughulisha ni hili: je, adabu hiyo yafaa katika mkataba wa kujenga barabara ya vijijini kwa fedha za wageni?

Tutazame mfano. Februari 2008 Tanzania na Marekani zilitiliana saini msaada wa dola milioni 698 kupitia shirika la Millennium Challenge Corporation. Ndani yake mlikuwamo lami ya kilomita 65 kutoka Tanga hadi Horohoro mpakani, na ng'ambo ya bahari, barabara za vijijini za Pemba. Muda wake ulikuwa miaka mitano, hadi Septemba 2013. Kalenda ya namna hiyo haijui masika wala vuli.

Katika kazi kama hizi karatasi ndiyo inayotawala. Masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, yanamtaka mkandarasi atoe taarifa ya dai lake ndani ya siku 28. Akinyamaza, dai limekufa. Serikali nayo ina siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee hesabu. Zikipita, gharama ya kuchelewa huanza kuhesabiwa.

Nimewahi kusikia msimamizi akisifiwa kuwa mtu mwema kwa sababu haandikiandiki barua. Greda limelala miezi miwili, amenyamaza. Kalavati limefukiwa bila kushindiliwa, amesema watarekebisha. Malipo yamekaa ofisini, mkandarasi naye kanyamaza asije akaonekana mkorofi. Wote wamestahiana, na masika yakaingia.

Hapo ndipo ninapoona kasoro. Kusamehe ni haki ya mwenye kudai. Nikikukopesha naweza kukusamehe, maana kinachopungua ni cha nyumbani kwangu. Lakini msimamizi anayesamehe miezi miwili hatoi chake. Anatoa machungwa ya mkulima wa Muheza yanayooza chini ya mti kwa kukosa gari. Anatoa saa za mama mjamzito anayesubiri kubebwa. Hao hawakutia saini, wala aghalabu hawaijui lugha ya mkataba. Na fedha zikiwa za mkopo, wao na wana wao ndio walipaji.

Wapo watakaosema kwamba ukali huua kazi, na kwamba mkandarasi mzalendo mwenye mtaji mdogo akibanwa atafilisika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini karatasi hiyo hiyo ndiyo ngao yake. Barua aliyoipeleka mapema humpatia siku za nyongeza, ikiwa eneo la kazi lilichelewa kukabidhiwa au mvua ilipita kiasi. Huruma ya kweli kwake ni kumlipa kwa wakati, si kumfumbia macho.

Wala kuandikiana si jambo lililoletwa na mhandisi wa Ulaya. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandikiana deni, na wazee wetu wameisoma karne nyingi. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa watu wenye roho mbaya.

Basi, ndugu msomaji, mimi ningeanza na ubao ule wa mradi unaosimamishwa kando ya barabara. Chini ya majina ya mfadhili, mkandarasi na mhandisi mshauri, yaandikwe kwa Kiswahili tarehe ya kuanza, tarehe ya kukabidhi, na mahali pa kupeleka malalamiko. Mwanakijiji ajue anadai nini na anamdai nani. Halafu, kama ni kusamehe, asamehe yeye.