Dalali Huyu ni wa Nani?

 

Ndugu zangu wanafunzi, leo nazungumza juu ya madalali wa nyumba na ardhi. Najua wapo watakaosema: sisi hata kodi ya hosteli inatushinda, nyumba tutanunua lini? Lakini tazameni ni nani anayepigiwa simu katika ukoo fedha zinapopatikana. Dada yuko Riyadh au Maskati, amefanya kazi za ndani miaka 3, sasa anataka anunuliwe nyumba ndogo huku Wakiso. Anamtumia nani fedha? Wewe uliyesoma. Hapo umekuwa wakili wake, fedha zile ni amana shingoni mwako, na mtu wa kwanza utakayekutana naye ni dalali.

Udalali wenyewe si haramu. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango juu ya ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na katika Sunan ya Abu Daud, Qays bin Abi Gharaza anasimulia kuwa wao walikuwa wakiitwa madalali, Mtume (S.A.W.) akawapitia akawaita kwa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, kisha akawaambia kwamba kuuza huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi wakuchanganye na sadaka. Hakuwafukuza sokoni, ila ugonjwa wa kazi yao aliujua.

Basi tumchague vipi? Katika Surat al-Qasas, aya ya 26, binti yule alimshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa ni mbili, na moja haitoshi.

Nguvu ya dalali ni kuijua kazi yake. Muulize: nyumba hii imesimama juu ya ardhi ya aina gani? Kama ni kibanja ndani ya mailo, hizi mailo zilizotokana na mkataba wa 1900, basi mwenye ardhi yuko wapi, na ridhaa yake ya maandishi iko wapi? Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka mwenye kibanja anayeuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Kama familia inaishi humo, mke amekubali? Kama kuna hati, twende pamoja ofisi ya ardhi tuone jina lililoandikwa na kama haijawekwa rehani benki. Dalali anayekwambia muhuri wa mwenyekiti wa LC1 unatosha, ama hajui, ama hataki ujue.

Uaminifu ndio unaotuchanganya. Tunasema: huyu ni Muislamu mwenzetu, yuko safu ya mbele kila alfajiri. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Umar (R.A.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, kama wamewahi kupeana dinari na dirhamu. Alipojibu hapana, Umar akamwambia hamjui. Huenda amemwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha. Kwa hiyo watafute waliokwisha kununua kupitia kwake, uwaulize wao.

Kisha muulize yeye mwenyewe: nani anakulipa, na kiasi gani? Mwaka huu kijana mmoja aliniletea makubaliano niyasome baada ya Ijumaa. Dalali alikuwa amechukua kwake na kwa muuzaji pia, bila yeyote kujua. Na yule "mnunuzi mwingine" aliyekuwa akipiga simu kupandisha bei hakuwa na nia ya kununua chochote. Hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (S.A.W.), na kulipwa kwa siri pande mbili ni hadaa. Dalali anayelipwa na muuzaji ni wa muuzaji, hata akikuita ndugu.

Na wewe wakili, je, ni wa nani? Madalali wana desturi ya kumpa "chai" anayeleta mnunuzi, na chai hiyo hutoka ndani ya bei anayolipa dada yako. Mkumbukeni Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi kukusanya zaka akasema: hizi ni zenu, na hizi nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) akauliza, kwa nini asikae nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata? Dalali akikupa laki 2, mpigie dada siku hiyo hiyo, umtajie kiasi chake, aamue yeye.