Sungura Wanapigania Nini?

Mwaka 2008 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Wolfire Games ilitangaza kwamba inatengeneza gemu ya mapigano. Wapiganaji wake si wanajeshi wala mabondia. Ni sungura, paka, panya, mbwa na mbwa mwitu, wanaosimama kwa miguu miwili, wamevaa nguo, wanarushiana mateke na visu. Gemu yenyewe inaitwa Overgrowth. Waliotaka kuingoja waliruhusiwa kulipa mapema, kisha wakawa wanapewa matoleo ya majaribio huku kazi ikiendelea. Toleo kamili lilitoka Oktoba 2017. Hebu piga hesabu: miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa tayari anajua kusoma, kuandika na kudanganya mwalimu.

Mimi niliingoja bila kulipa. Hapa Garsen niliingoja kwa video tu, zile fupi ambazo David Rosen, kiongozi wa Wolfire, alikuwa anaonyesha wiki hii sungura amejifunza kuruka ukuta, wiki nyingine amejifunza kudaka kisu hewani. Bando likiisha nangoja bando, stima ikipotea nangoja stima, halafu narudi kungoja gemu. Na siyo mimi peke yangu. Vijana wengi wanaosoma hapa wanaijua hiyo hamu ya kuangalia kionjo kimoja mara ishirini, ukisimamisha kila sekunde kutafuta kitu ambacho wenzako hawajakiona.

Sasa swali langu si kama gemu ilikuwa nzuri. Swali ni hili: ni sawa mtu kungoja mapigano kwa hamu? Manake ukiondoa picha na muziki, kilichokuwa kinangojwa ni hicho. Tulikuwa tunangoja kupiga.

Ningekuwa nimekulia kwingine pengine swali hili lisingenisumbua. Lakini Garsen iko Tana Delta. Ukitoka Malindi, barabara inagawanyika pale Minjila: moja inakwenda Lamu, nyingine inapita Garsen kuelekea Hola na Garissa. Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unakuja kumalizia safari yake huku kabla ya kuingia Bahari Hindi. Na mwaka 2012, wakati mashabiki duniani wanangoja toleo jipya la majaribio la Overgrowth, sisi tulikuwa tunangoja kitu kingine. Tarehe 22 Agosti, watu zaidi ya 50 waliuawa kijiji cha Riketa. Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako hata maafisa wa polisi waliuawa. Serikali ikaweka kafyu ya usiku. Desemba ikawa Kipao. Kufikia mwanzo wa 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100, Wapokomo na Waorma, wakiwemo wanawake na watoto.

Nilikuwa mtoto wakati huo, lakini kungoja kule nakumbuka. Mbwa akibweka, watu wazima wananyamaza. Pikipiki ikipita usiku, kila mtu anahesabu inakwenda wapi. Kwa hiyo nikisema nimengoja mapigano kwa namna mbili, siongei kwa mafumbo.

Jibu la haraka ni rahisi: kwani si moja ni kweli na nyingine ni mchezo? Sungura wa kwenye kioo hafi, ukibonyeza anarudi. Ni kweli, na kama jibu hilo linakutosha sikulaumu. Mimi halinitoshi, kwa sababu gemu haikai kwenye kioo pekee. Inakaa pia kichwani, kabla hata haijafika. Miaka tisa mtu anawazia pigo, anawazia adui anaangukaje. Na wale waliofika Riketa na mapanga nao kwanza waliwazia. Hakuna mtu anayeamka tu asubuhi akajikuta kijijini kwa jirani na panga mkononi. Kuna kipindi cha maneno, cha minong'ono, cha kuiona ile siku kabla haijafika. Kama mawazo ndiyo shamba ambapo jambo hupandwa, basi tuna haki ya kuuliza tunapanda nini.

Nadhani mahali pa kuanzia ni wanyama wenyewe. Mbona sungura? Mbona si watu?

Sisi tuliolelewa na hadithi hatushangai. Tangu utotoni tunamjua Sungura mjanja, Fisi mlafi, Simba mwenye nguvu na akili kidogo. Faida ya mnyama katika hadithi ni kwamba hana kabila. Bibi angesimulia habari ya mtu mlafi wa kijiji fulani, jioni hiyohiyo kungekuwa na ugomvi uani. Akisema Fisi, kila mtu anacheka, na kila mtu anajipima kimyakimya. Gemu ya Kenya iitwayo Nairobi X, iliyotoka mwaka 2015, ilitafuta njia kama hiyo: maadui wanaovamia Nairobi ni viumbe kutoka sayari nyingine. Piga unavyotaka, hakuna atakayesema umempiga binamu yake.

Lakini kuna watu wengine wanaopenda kutumia wanyama, na hao hawasimulii hadithi. Rwanda mwaka 1994, kabla na wakati wa mauaji, Watutsi waliitwa mende na nyoka, na redio ikayarudia maneno hayo kila siku. Hapa Kenya tuna msamiati wetu: madoadoa, kwekwe. Kuelekea uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaweka maneno hayo kwenye orodha ya lugha ya chuki. Angalia yanavyofanya kazi. Doa husafishwa, kwekwe hung'olewa, mende hukanyagwa. Anayetaka jirani auawe humbadilisha jina kwanza, ili mkono usitetemeke.

Basi mnyama anaweza kutumika kwa njia mbili, na zinakwenda pande tofauti. Hadithi inamchukua mnyama inampa utu. Chuki inamchukua mtu inamnyang'anya utu, inabaki na mnyama. Ukitazama kwa mbali zinafanana, manake zote zinachanganya watu na wanyama. Ukizikaribia, moja inaongeza kitu duniani na nyingine inapunguza.

Overgrowth iko upande gani? Kwa sehemu kubwa, ule wa kwanza. Shujaa wake ni sungura anayeitwa Turner, na tayari alikuwa na historia. Katika gemu iliyotangulia, Lugaru ya mwaka 2005, familia yake na kijiji chake vinauawa, naye anatoka kutafuta waliofanya hivyo. Mtu wa Tana akisikia hadithi hiyo haoni katuni. Na kuna jambo dogo la kiufundi ninaloliheshimu: kwenye kioo hakuna mstari wa kuonyesha adui amebakiwa na nguvu kiasi gani. Kujua kama ameumia, lazima umtazame. Anachechemea? Anavuja damu? Gemu nyingi zinakufundisha kuangalia namba iliyo juu ya kichwa cha mtu. Hii inakulazimisha umwangalie mwenyewe.

Shida yangu iko kwingine. Katika dunia hiyo mbwa mwitu ni mbwa mwitu. Amezaliwa na meno na njaa, na sungura akimwona hana la kuuliza. Fisi wetu wa hadithi yuko vivyo hivyo, mlafi tangu tumboni mwa mama. Aina ya mnyama ndiyo hatima yake. Na hilo, samahani, ndilo somo baya kuliko yote tuliyowahi kufundishwa huku mtoni: kwamba wale wako hivyo, waliumbwa hivyo, usipoteze muda kuwauliza kitu.

Aliyenifungulia macho si mwanafalsafa. Rafiki yangu mmoja hapa Garsen anatengeneza gemu yake kwenye kompyuta kuukuu, kwa kutumia Godot, programu ambayo mtu anaipata bure. Wapiganaji ni wanyama wa kwetu: kiboko, mamba, nyati, na yule mbega mwekundu wa Tana ambaye haishi popote pengine duniani. Toleo la kwanza lilikuwa la kawaida. Unachagua mnyama, mwenzako anachagua wake, mnapigana. Siku moja tulikuwa tunalijaribu chini ya mwembe, na mzee mmoja jirani akasogea kutazama. Tukamwamkia, akaitikia, akatazama kiboko akimrusha mamba hewani.

"Wanangu, hawa wanapigania nini?"

"Hakuna kitu, mzee," rafiki yangu akasema. "Ni mchezo tu."

Mzee akacheka. "Kiboko hapigani bure. Ukimwona amekuja juu, jua umesimama kati yake na maji."

Akaondoka zake. Hakutaka kutufundisha chochote, alikuwa anasahihisha habari za kiboko. Lakini mimi na rafiki yangu tulibaki tukitazamana.

Umesimama kati yake na maji. Hebu ichukue sentensi hiyo uiweke 2012. Wakulima wanalima ukingoni mwa Tana kwa sababu mto ukifurika na kurudi unaacha udongo wenye rutuba na unyevu. Wafugaji wanaleta mifugo deltani wakati wa kiangazi kwa sababu huko juu nyasi na maji vimekwisha. Ili ng'ombe wafike mtoni wanahitaji njia, na njia hizo tunaziita malka. Malka ikigeuzwa shamba, mfugaji anaona mtu amesimama kati ya ng'ombe wake na maji. Ng'ombe wakiingia shambani, mkulima anaona wamesimama kati ya watoto wake na chakula. Juu ya hayo weka siasa za uchaguzi uliokuwa unakaribia, na watu waliojua kuchochea.

Sisemi kwamba sababu inafuta damu. Aliyemchoma mtoto ndani ya nyumba hana sababu itakayomtosha, na kumwelewa si kumsamehe. Ninachosema ni kwamba mauaji yale yalihitaji watu waache kuuliza swali la mzee. Siku ile unapoamini kwamba upande wa pili haupiganii chochote, kwamba wanapigana kwa kuwa ndivyo walivyo, umeshamaliza kumgeuza jirani kuwa mnyama. Na hata hapo unakosea, kwa sababu mnyama mwenyewe ana anachopigania.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu, jibu ninalolipata ni hili. Kungoja mapigano ya mchezo si dhambi. Watu wamependa mapigano tangu zamani. Kakamega mashabiki wanaamka alfajiri na ngoma za isukuti kwenda kuona fahali wakipigana, na wale ni fahali wa kweli wanaoumia kweli. Sungura wa kwenye kompyuta hana maumivu. La kupima ni kama katika mapigano hayo yule wa upande wa pili anabaki kuwa mtu fulani, mwenye kitu nyuma yake, au amekuwa kifaa cha kupokea mateke. Gemu ya kwanza inaweza kuwa na damu na bado ikakuacha mzima. Ya pili inaweza kuwa safi kabisa, bila tone la damu, na ikakuzoesha vibaya.

Najua kuna msomaji anayesema: wewe nawe, sisi tunataka kucheza, usituletee mahubiri. Nakubaliana naye. Tana tumehudhuria semina za amani za kutosha, tumepewa fulana, tumekunywa soda, tumepiga picha. Gemu ya rafiki yangu ikigeuka semina nitakuwa wa kwanza kuifuta kwenye simu. Lakini alichobadilisha baada ya siku ile hakijaifanya iwe ya kuchosha, kimeifanya iwe ngumu zaidi. Sasa kila mnyama anaanza mahali pake. Kiboko ana mtoto ndani ya maji. Mamba ana mayai kwenye mchanga. Nyati ametembea siku nyingi na ana kiu. Na maji yanapungua, kidogo kidogo, kila raundi. Unaweza kupigana. Unaweza pia kusogea hatua mbili ukafungua njia, lakini ukisogea sana mayai yako yatakanyagwa. Juzi nilicheza na nyati nikampiga kiboko mpaka akalala, halafu nikamwona mtoto wake anazunguka pale majini peke yake. Nilishinda. Nikaomba raundi nyingine, si kwa sababu nilitaka kushinda tena.

Haijulikani itakamilika lini. Kompyuta inazima ikipata joto, na Garsen joto ndilo jambo la kwanza utakalolikuta. Mashabiki wa Overgrowth walipoipata gemu yao 2017, wengi walilalamika kwamba hadithi ni fupi. Huenda hata hii itakuja na kasoro zake. Mimi nangoja. Ikifika nitapigana, tena kwa hamu, na nitampiga mtu yeyote atakayenikalia pale mwembeni na simu yake. Ila kabla sijarusha teke la kwanza nataka nione mwenzangu amesimama wapi, na nyuma yake kuna nini.