Je, Moli Huhesabu Kitu Kilichopo Kweli?

Moli ni kipimo cha kiasi cha dutu. Moli moja ya dutu yoyote ina chembe 6.02214076 × 10²³, ziwe atomu, molekuli au ayoni, na masi ya moli ni uzito wa chembe zote hizo kwa gramu. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kugawa gramu kwa masi ya moli ili apate moli, kulinganisha moli za dutu moja na za nyingine kwa kufuata mlinganyo wa kemikali, kisha kuzirudisha moli kuwa gramu. Hesabu yenyewe ni fupi na haimdai mtu aamini lolote. Ndani yake, hata hivyo, limo swali lililowagawa wanasayansi wa Ulaya kwa karne nzima: jibu likitoka sahihi, je, huo ni ushahidi kwamba chembe zinazotajwa zipo?

Mfano wa karibu ni chokaa. Matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo tangu zamani yamechomwa ili kupata chokaa ya kujengea, kwa sehemu kubwa ni kalisiamu kaboneti, CaCO₃. Kalisiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu. Jumla gramu 100 kwa moli. Moto ukikolea, gesi ya kabonidioksidi hutoka, gramu 44 kwa kila moli, na chokaa inayobaki ni gramu 56. Basi kilo 100 za jiwe safi ni moli 1,000, nazo huacha moli 1,000 za chokaa, yaani kilo 56. Katika hesabu yote hiyo ile namba ndefu ya chembe haikuguswa. Ingekuwa ndogo mara elfu au kubwa mara elfu, kilo 56 zingebaki kilo 56, kwa kuwa idadi ya chembe hujifuta yenyewe pande zote mbili. Mchomaji chokaa asiyejua habari za atomu, akipima jiwe kabla ya moto na baada yake, ataupata uwiano huohuo kwa mizani tu.

Hoja hiyo ndiyo iliyomshikilia Wilhelm Ostwald, profesa wa kemia huko Leipzig. Kwake, maabara ilionyesha nishati na uwiano wa uzani, na atomu zilikuwa picha ya kusaidia akili. Mwaka 1895, katika mkutano wa wanasayansi mjini Lübeck, alitetea msimamo huo hadharani na kupingwa vikali na Ludwig Boltzmann. Ernst Mach wa Vienna naye aliona kwamba kisichofikiwa na hisi hakistahili kuitwa kitu halisi. Cha kushangaza ni kwamba neno “moli” lilienezwa na Ostwald mwenyewe katika vitabu vyake vya miaka ya 1890. Kipimo ambacho leo hufundishwa kama idadi ya chembe kililelewa na mtu asiyezisadiki chembe hizo, na kwake kilikuwa gramu basi.

Msimamo huo una nguvu kuliko unavyopewa sifa, lakini una ufa. Masi zinazotumika katika hesabu hazikutoka kwenye mizani peke yake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayejua kwamba msumari mkubwa ni mzito mara nne ya mdogo anaweza kupima kilo nne za mikubwa na kilo moja ya midogo, akawa na idadi sawa bila kuhesabu hata mmoja. Yeye lakini ana msumari mkononi, mkemia hana. Mizani ilionyesha kwamba katika maji kila gramu 1 ya haidrojeni huenda na gramu 8 za oksijeni. John Dalton alidhani atomu moja hushikana na moja, na kwa dhana hiyo oksijeni inakuwa 8. Amedeo Avogadro alipendekeza mwaka 1811 kwamba ujazo sawa wa gesi, katika joto na kanieneo moja, una molekuli sawa kwa idadi. Kwa kuwa maji hutumia ujazo mbili za haidrojeni kwa moja ya oksijeni, oksijeni lazima iwe 16. Vitabu viliendelea kutofautiana hadi Stanislao Cannizzaro alipolitetea wazo la Avogadro kwenye mkutano wa Karlsruhe mwaka 1860. Kwa hiyo aliyetumia 16 huku akikana atomu alikuwa akila matunda ya mti aliokataa kwamba umepandwa. Angeweza kujitetea kwamba 16 ni makubaliano tu yanayorahisisha kazi, na utetezi huo hauvunjwi na mlinganyo wowote wa kemikali.

Swali la sehemu isiyogawanyika ni la kale kuliko maabara. Demokrito wa Ugiriki alifundisha atomu. Wanateolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Ashari waliujenga ulimwengu juu ya sehemu ndogo zisizogawanyika ambazo Mungu huziumba, na an-Nazzam wa Basra, katika karne ya 9, alikataa kwamba ugawaji una kikomo. Mabishano hayo yalikuwa makali na yenye akili nyingi, ila hakuna upande uliouliza ni sehemu ngapi zimo katika uzito fulani. Lilipoulizwa hilo, mjadala ulibadilika sura.

Aliyelijibu kwa namna iliyowatikisa wakanushaji ni Jean Perrin wa Paris, kuanzia mwaka 1908. Alitengeneza vipunje vya utomvu wa mti, vyenye nusu kipenyo cha takriban mikromita 0.2, akavitia ndani ya maji na kuvitazama kwa hadubini. Vipunje havikutuama vyote chini. Vilipungua kadiri ya kimo, kama hewa inavyopungua mtu apandapo mlima. Katika jaribio moja, vimo vya mikromita 5, 35, 65 na 95 vilitoa idadi zenye uwiano wa 100, 47, 22.6 na 12: kila mikromita 30, karibu nusu hutoweka. Hewa huhitaji kupanda kilomita zipatazo 6 ili ipungue kwa nusu. Ikiwa sheria ni moja, uwiano wa vimo hivyo viwili ndio uwiano wa uzito wa kipunje na wa molekuli ya hewa, yaani takriban milioni 200 kwa moja. Uzito wa kipunje ndani ya maji ulipimika. Uzito wa molekuli ukafuata, na idadi ya molekuli katika moli ikawa karibu 6.8 × 10²³.

Jaribio moja lingeweza kupuuzwa. Ila namba ya jirani ilipatikana pia kwa mtikisiko wa vipunje ambao Albert Einstein aliutungia nadharia mwaka 1905, kwa mionzi ya vitu vyenye joto aliyoichambua Max Planck, na kwa chaji ya elektroni: kulombu 96,485 zinazobebwa na moli moja ya elektroni, zikigawanywa kwa chaji ya elektroni moja, hutoa 6.022 × 10²³. Njia hizi hazishirikiani dhana. Kama atomu zingekuwa makubaliano tu, pasingekuwa na sababu ya mwanga, umeme na vipunje vya utomvu kukubaliana. Hapa namba haijifuti tena. Hesabu ya chokaa haikuweza kuthibitisha atomu kwa sababu haikuihitaji namba hiyo; njia hizi zinaihitaji. Mwaka 1909 Ostwald alikiri kwa maandishi kwamba maumbile ya chembe yamethibitishwa.

Kukubali kwamba atomu zipo hakukumaliza kila kitu. Masi ya klorini, 35.5, si uzito wa atomu yoyote: klorini ya asili ni mchanganyiko wa aina ya 35 na ya 37, karibu robo tatu kwa robo. Moli ya chumvi ya mezani ni gramu 58.5, lakini katika fuwele ya chumvi hakuna molekuli ya NaCl; zipo ayoni zilizopangana, na “NaCl” ni uwiano ulioandikwa. Ndiyo maana tafsiri rasmi ya moli inataka chembe inayohesabiwa itajwe. Tangu 20 Mei 2019 tafsiri hiyo imeshika idadi yenyewe na kuacha gramu 12 za kaboni-12 zilizotumika tangu 1971, hivyo gramu 12 hizo sasa ni kipimo cha maabara, sahihi kwa ukaribu mkubwa sana lakini si kwa tamko. Na moli moja ya chumvi ikiyeyushwa katika kilo ya maji hushusha kiwango cha kuganda takriban mara mbili ya moli moja ya sukari, kwa kuwa ndani ya maji yale mna moli mbili: moja ya ayoni za sodiamu, moja ya ayoni za kloridi.