Msilizime Fagio

Ndugu zangu wa Arua na Koboko, mnaoshinda mbele ya kompyuta, amkeni! Maradhi yanayovuka mpaka wa Oraba kutoka Kaya, Sudan Kusini, hayasubiri seva iwashwe upya.

Tangu 2012 takwimu za vituo vya afya nchini Uganda zinaingia katika DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Chini yake imelala PostgreSQL, hifadhidata ambayo kazi yake ilianzia Berkeley, Marekani, mwaka 1986. Hakuna aliyetudai leseni hata shilingi. Je, tumeitunza?

Ndani yake mna ukuta. Kila muamala unaoandika data hupewa namba ya biti 32, na hesabu yote ni kama bilioni 4. Nusu tu, kama bilioni 2, ndiyo ya miamala iliyopita. Fagio la ndani, VACUUM, huzitia alama rekodi za zamani ili namba zizunguke tena salama. Fagio hilo likikwama, pengine kwa sababu ya muamala mmoja tu ulioachwa wazi ukasahauliwa, na namba zikakaribia kuisha, hifadhidata hukataa kuandika, isije ikapoteza data. Februari 2019 jambo hili liliiangusha Mandrill, huduma ya barua pepe ya Marekani, zaidi ya siku nzima. Na hao wana mafundi wa kulipwa vizuri!

Mnasema Koboko ni ndogo, bilioni 2 tutazifikia lini? Acheni kujidanganya! Seva haihesabu watu, inahesabu miamala, na programu iliyoandikwa ovyo hufungua mmoja kwa kila mstari. Tena udogo haudumu: nani katika West Nile alipiga hesabu ya wakimbizi wa Sudan Kusini kabla ya 2016?

Basi tubuni. Wapo wanaozima fagio la kujiendesha eti linaifanya mashine iwe nzito. Hiyo ni dhambi, nasema wazi. Pimeni umri wa namba zenu kila wiki. Fungeni miamala iliyozubaa.

Lakini kufagia hakubomoi ukuta. Waundaji wa PostgreSQL wanahangaika miaka mingi kuhamia biti 64. Toleo la 17, la 2024, limepanua baadhi ya hesabu za ndani, ila namba ya muamala katika kila rekodi bado ni biti 32. Viraka vya kuhamia huko vinangoja wasomaji na wajaribu. Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni hapa Arua, msimbo uko wazi kwenu kama ulivyo kwa mtu wa Berkeley: vipakueni viraka hivyo, vijaribuni kwa data nyingi, waandikieni waundaji mlichokiona.