Askari Arudipo Kwao, Adai Nini?

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini je, mtu arudipo kwao baada ya miaka ya jeshi, naye ni mgeni? Na jembe apewalo, ni sadaka, au ni malipo ya deni? Swali hili si la serikali peke yake. Hata sisi tukaao Kizwite na katika vijiji vya Ufipa latuhusu, maana vijana wetu huenda kambini na kurudi, na mara nyingi arudiye hutazamwa na jirani zake kana kwamba amechelewa njiani.

Wako wasemao: "Askari alilipwa mshahara wake, hatudai kitu. Mkulima naye huumia kwa jua na mvua, wala hakuna ampelekaye chuoni." Neno hili lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Walakini tutazame vema kilicholipwa kwa mshahara ule. Mshahara hulipa kazi ya mwezi. Haulipi miaka ya ujana, ambayo ndiyo miaka ya kujifunza. Askari alipokuwa akilinda mpaka, mtu wa rika lake alijifunza useremala, akafungua shamba, akajulikana kwa wanunuzi. Huyu arudiye ana nidhamu na nguvu, lakini pengine hana ufundi wa kumlisha. Basi kilichompungukia ni mafunzo, na haki yataka alipwe kitu kile kile kilichochukuliwa.

Tena mambo ya zamani yatufundisha. Tarehe 25 Novemba, 1918, jeshi la Wajerumani liliweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wetu. Katika vita ile wapagazi walikuwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Mwaka uliofuata, 1919, serikali ya Kenya iliwagawia askari Wazungu waliotoka vitani mashamba, na sehemu ya ardhi hiyo ilitwaliwa kwa Wanandi. Wapagazi hawakugawiwa shamba. Angalia basi: deni lilijulikana, hata likalipwa, ila wadai walichaguliwa kwa rangi. Hapo hapakukosekana mali, ilikosekana haki.

Katika Vita Kuu ya Pili watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 walitumika jeshini, na baadhi yao walifika hata Burma. Wengine walijifunza udereva, ukarani na uuguzi. Lakini derevа arudiye penye njia ya miguu tu, ufundi wake utamfaa nini? Kadhalika Uganda, tangu mwaka 1992 hata 1995, askari zaidi ya 36,000 walirudishwa makwao, wakapewa fedha, mabati, majembe na mbegu. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Walakini bati halimfundishi mtu kazi, wala jembe halimfai asiye na shamba. Msaada ulio kweli sharti uanze kwa kuuliza: mtu huyu anarudi mahali gani, na kazi gani yatakiwa huko?

Kwetu Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963. Vijana wa kujitolea hukaa miaka miwili, wakifundishwa ulinzi, kilimo, ufugaji na kazi za mikono. Matangazo yake yamesema wazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira, bali humwandaa kijana ajitegemee. Hata hivyo mwezi wa Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa kambini baada ya kugoma wakidai ajira, nao walisema ya kuwa waliahidiwa. Jambo hili ni gumu kulipima. Jeshi lisilotiiwa si jeshi. Lakini ahadi ni deni, nayo yafaa itamkwe kwa kipimo, maana kijana maskini hujenga nyumba yake yote juu ya neno moja la mkubwa.

Mimi naona hivi: askari na awe wa kwanza mlangoni pa chuo, lakini mlangoni pa kazi asimame sawa na wenziwe. Gharama ya mafunzo hulipwa na watu wote, nao ndio waliolindwa. Bali nafasi ya kazi, akipewa mmoja kwa upendeleo, hunyimwa mwingine, pengine mjane aliyelima peke yake miaka ile ile, naye hana deni kwa askari kuliko sisi sote. Aliyepoteza mguu au macho ndiye peke yake nimtengaye. Huyu na apewe kwanza kazi aiwezayo, kwa kuwa hakuna chuo cha kumrudishia alichopoteza.

Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu, na chuma kile kile kilitoa mkuki na jembe. Walakini mkuki haukugeuka jembe wenyewe. Ulitaka moto na mhunzi. Serikali yaweza kuleta moto, yaani chuo, vyombo na mwalimu. Kazi ya mhunzi ni yetu sisi wa kijijini. Fundi mwenye karakana ampokee kijana arudiye, mzee mwenye shamba lililolala amkatie sehemu alime, na sote tuache kumwuliza kwa dhihaka ameleta nini kutoka kambini. Tumwulize anajua nini, na anataka kujifunza nini.