Hati Ndani ya Chombo cha Udongo
Somo: Yeremia 32:6–15



Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na Wababeli, na Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni. Hata hivyo alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku azitie hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kutunza hati ile kulikuwa tendo la imani: Mungu alikuwa na kesho kwa watu wake.

Nasi hapa Johannesburg, Yeoville hadi Rosettenville, tunanunua friji na majiko kwa fedha ya jasho. Wako wanaosema, "Sisi wageni, tutadai nini?" Lakini sheria ya nchi hii ya kumlinda mlaji, namba 68 ya mwaka 2008, humpa mnunuzi wa dukani miezi 6. Kifaa kikiwa na kasoro, anakirudisha, na yeye ndiye anayechagua: kitengenezwe, kibadilishwe, au arudishiwe fedha. Dhamana ya kiwanda yaweza kuwa ndefu zaidi. Siku zikipita, mlango umefungwa.

Basi juma hili tupige picha kila risiti, maana maandishi yake hufifia. Tuandike kwenye kalenda siku dhamana inapokwisha. Tuwasomee wazee wetu wasiojua Kiingereza. Jasho la maskini ni amana mbele za Mungu. Tusiliache lipotee kwa kukosa karatasi.

Bwana atupe hekima ya kutunza alivyotupa. Amina.