Enyi Watu wa Amu, Hesabuni Kereng'ende!

Ndugu zangu wa Mkomani na Langoni, mama zangu wa Pate, Siyu na Faza, 2004 mmeisahau? Ukame ulikuwa umetukaba. Maji yakawekwa majumbani, katika mapipa na mitungi, yakakaa siku nyingi bila kumwagwa. Mbu wakataga. Ilipofika Mei watu wakaanza kuanguka: homa, viungo vikakaza, mwanamume mzima hawezi kwenda msalani mpaka ashikwe mkono. Watafiti walipopima damu walikadiria kwamba watu 13,500 kati ya 18,000 wa kisiwa hiki cha Amu waliambukizwa. Robo tatu! Ugonjwa huo, chikungunya, ukafika Mombasa, na 2005 ukawa Ngazija.

Wazee wetu walikuwa na hekima yao. Nenda katika nyumba ya kale, chungulia birika la chooni. Huenda ukakuta vidagaa wanaogelea, wamewekwa ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa bakuli la kaure limejengewa sakafuni, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri. Walimfikiria hata samaki! Sisi leo tunapulizia dawa ya kopo, tunakohoa, tunalala.

Basi nawaita kwa jina la mdudu mnayempita kila siku. Kereng'ende akiruka anakula mbu, hilo watoto wanalijua. Wasilolijua ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake kaipitisha majini, hana mbawa, rangi ya tope. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso. Kiluwiluwi akipita karibu, mdomo unafyatuka, unamnasa, unarudi. Huko Yangon, Myanmar, watafiti na wananchi walitia watoto wa kereng'ende katika vyombo vya maji vya majumbani, mbu wakapungua sana. Taarifa yao ilichapishwa 1990. Simwambii mtu awatie katika mtungi wa maji ya kunywa, hilo tuwaachie watu wa afya. Ninalowaambia ni dogo zaidi: wahesabuni!

Mnacheka? Kitabu tunachokisoma, Kurani, kina sura ya nyuki, kina sura ya sisimizi, kina sura ya buibui. Halafu mtu mzima aone haya kukaa ukingoni mwa dimbwi akimtazama mdudu?

Tazameni safari ya aina yake moja. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Maldivi, alikuwa akiwaona kila mwaka kuanzia Oktoba wakimiminika kwa maelfu juu ya visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya kuzalia. Mwaka 2009 aliandika kwamba wanatoka Bara Hindi, wanapanda juu mita elfu na zaidi, wanashika upepo, wanapitia Maldivi na Shelisheli mpaka Afrika Mashariki, na kusi ikivuma uzao wao unarudi. Kwenda na kurudi alikisia kilomita 14,000 hadi 18,000, vizazi vinapokezana njiani. Mdudu mwenye urefu wa sentimita tano hivi! Njia ya majahazi ya babu zenu ndiyo njia yake. Maldivi ina shahidi wake. Nahodha wa Amu, ambaye kaskazi ikibadilika anaijua kwa kunusa, daftari lake la kereng'ende liko wapi?

Na msiseme hii ni kazi ya maprofesa. Afrika Kusini watu wa kawaida wanapiga picha za kereng'ende na kuzipeleka katika mradi ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Cape Town, ramani ikajaa. Hapa hapa, mvuvi aliyekuwa akila mayai ya kasa leo anatoa habari ya kiota. Aliyemlinda kasa atashindwa na kereng'ende?

Vuli inakuja. Chagua maji yako: dimbwi la mvua nyuma ya matuta ya mchanga ya Shela, kisima cha zamani cha Siyu, ukingo wa Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni (huko uangalie viboko kwanza). Nenda jua likiwa kali na upepo umetulia, saa ile ile kila baada ya wiki mbili, utembee hatua zile zile. Wanaotandaza mbawa wakitua, waandike kando. Wale wembamba ambao wengi wao huzikunja mgongoni, kando. Piga picha ya ubavuni na ya juu. Kisha inama, tafuta kwenye mashina ya matete gamba kavu lililopasuka mgongoni: hilo ndilo ushahidi kwamba amezaliwa hapa, hakupita tu. Andika pia ladha ya maji. Mji huu unakunywa mvua iliyochujwa na mchanga wa Shela, nayo imeelea juu ya maji ya bahari. Tukivuta kupita kiasi chumvi inapanda, na kereng'ende wengi hawazai katika chumvi.

Walimu wa madrasa, toeni watoto Alhamisi jioni. Mabaharia, andikeni siku ya kundi la kwanza na upepo uliolileta. Na wewe uliyekaa nusu saa usione hata mmoja, usirudi na ukurasa mtupu. Andika tarehe, andika mahali, andika sufuri, uende tena baada ya wiki mbili.